Kadi ya Tatu: Uchambuzi wa Kisa cha Mchezo wa Nyuklia Mombasa

Kuhusu kisa hiki

Haya yalitokea Mombasa, likizo ya Agosti 2025, katika mafunzo ya siku mbili ya vijana kuhusu silaha za nyuklia. Mwezeshaji nilikuwa mimi, na makosa mengi utakayoyasoma humu ni yangu. Majina ya watu, ya shule na ya jumba tulilokutania nimeyaondoa, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mtu nimeyageuza. Nawaandikia walimu wa historia, wasimamizi wa vilabu vya mdahalo na yeyote anayetaka kulifundisha jambo hili kwa mchezo, maana hotuba vijana wamezichoka.

Usuli

Ombi lilitoka kwa mwalimu wa historia ambaye tumefanya kazi pamoja miaka mingi. Klabu yake ya mdahalo ilikuwa imegawanyika vipande. Mwezi Mei India na Pakistan zilishambuliana siku nne. Juni Israel ikaipiga Iran, na kabla ya mwezi kwisha Marekani nayo ikavishambulia vituo vya nyuklia vya Iran kule Fordow, Natanz na Isfahan. Kwenye simu za vijana kila mmoja akawa jenerali.

Hoja iliyotawala ilikuwa moja, nayo si ya kudharauliwa: anayepigwa ni asiye na bomu. Korea Kaskazini ilijaribu lake mwaka 2006 na hadi leo hakuna aliyeivamia. Libya iliuacha mpango wake 2003, na mwisho wa Gaddafi tuliuona 2011. Ukraine ilikubali vichwa vyote vya nyuklia vilivyobaki katika ardhi yake vipelekwe Urusi, ikapewa hakikisho la maandishi kule Budapest mwaka 1994, na hakikisho lile halikuisaidia 2014 wala 2022.

"Mimi niwaambie nini?" mwalimu aliniuliza. "Kila nikitaja mkataba wanicheka."

Tulipata ghorofa ya juu ya jumba la zamani Mji wa Kale: vyumba viwili vinavyotazamana, ua katikati, kila chumba na ngazi yake, sakafu ya mbao inayolia ukiikanyaga. Walikuja vijana 22, kuanzia kidato cha pili hadi waliomaliza shule. Mwalimu alimwalika pia mzee mmoja, karani mstaafu wa bandari, atufungulie kwa dua kisha aende zake. Hakwenda. Alikaa siku zote mbili, na nitamtaja tena.

Mchezo ulivyopangwa

Pande mbili niliziita Kaskazi na Kusi, watu 11 kila upande. Nchi za kweli sikuzitaja kwa makusudi. Mombasa hukosi kumkuta mtu mwenye jamaa Karachi ameketi karibu na mwenye jamaa Gujarat, na mafunzo yangegeuka kesi ya ukoo.

Kila upande ulipewa vizibo 20 vya soda, kizibo kimoja kichwa kimoja cha nyuklia. Kumi na tano vilikaa kwenye kopo chumbani, vitano vikabaki mfukoni mwangu. Hivyo vitano ndivyo nyambizi: hata chumba kizima kikiteketea, wao wangali wapo chini ya bahari na wanaweza kulipiza. Bila hivyo kutishana hakuna maana, maana atakayewahi kupiga ndiye atakayepona.

Mawasiliano yalikuwa ya barua tu, yakipelekwa na tarishi mmoja, mvulana wa miaka 13, mdogo wake mshiriki mmoja. Aliteremka ngazi hii, akavuka ua, akapanda ile. Kila upande ulikuwa na mpelelezi aliyeruhusiwa kuchungulia mlango wa wenzake kwa dakika moja kila robo saa.

Kurusha kulihitaji kadi nyekundu tatu, kila moja mikononi mwa mtu wake, zote ziingie katika bahasha moja. Sheria hii niliikopa kutoka nyambizi ya Kisovieti B-59, ingawa vijana sikuwaambia. Tarehe 27 Oktoba 1962, wakati wa mzozo wa makombora ya Kisovieti yaliyowekwa Kuba, meli za Marekani ziliirushia vilipuzi vya kuitaka iibuke. Kwa simulizi ya mmoja wa maofisa waliokuwemo, nahodha aliamini vita vimeshaanza, akataka torpido yenye kichwa cha nyuklia itayarishwe. Nyambizi nyingine za safari ile zilihitaji idhini ya watu wawili. B-59 ilihitaji watatu kwa sababu tu Vasili Arkhipov, mnadhimu mkuu wa kikosi chao, alikuwa amepanda chombo hicho na si kingine. Akakataa.

Alama nilizipanga hivi: kila kizibo kinachobaki mwisho wa mchezo, alama moja, kila kizibo cha adui kilichoharibiwa, alama moja. Mwenye kadi akikataa kuitoa, je? Hilo sikuliandika popote.

Siku ya kwanza

Mambo yalianza kama nilivyotaraji. Wakaonyeshana makopo. Wakaandikiana vitisho vilivyojaa adabu ("Kwa heshima na taadhima, mkitugusa hamtaona Magharibi"). Hakuna aliyethubutu. Kijana mmoja wa Kaskazi alisema bomu ni kama Ngome ya Yesu: adui akiiona anageuza jahazi. Mzee akacheka kidogo. "Ngome hiyo ilizingirwa mwaka 1696 ikatekwa 1698. Waliokuwa ndani wengi waliuawa na maradhi, si na mizinga." Hakuna aliyemjibu, mchezo ulikuwa umenoga.

Kiasi cha saa nne na nusu jua likaingia chumba cha Kusi, wakaona bora wahamishe meza kwenye ukuta wa pili. Kabla ya kuigusa walifanya jambo la busara: waliandika barua. Ninayo hadi leo, karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. "Twahamisha meza, jua latuchoma. Msitie shaka." Tarishi akaipokea, akateremka.

Chini, penye mlango wa uchochoro, kuna mama anayeuza viazi karai. Tarishi hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi.

Huku juu mpelelezi wa Kaskazi akachungulia zamu yake ilipofika. Aliona watu sita wameshika meza, na wa saba amebeba kopo la vizibo kifuani. Akarudi mbio. "Wamelitoa kopo! Wajipanga!"

Kapteni wa Kaskazi, kijana aliyemaliza shule, mwenye sauti na hoja, akauliza kama kuna barua. Hakuna. Wakangoja dakika tano. Hakuna. Akaitia kadi yake kwenye bahasha. Rafiki yake akaitia ya pili. Ya tatu ilikuwa kwa msichana wa kidato cha tatu, aliyeipata kwa sababu wenzake wote waligombania upelelezi.

"Mimi siitoi," akasema.

"Kwa nini?"

"Nimesikia meza ikiburutwa. Mtu ataka kunipiga, meza aihamishia nini?"

"We wataka tufe kwa ajili ya meza?"

"Ngojeni barua."

"Barua haiji!"

Kapteni akaitisha kura ya kumvua cheo. Wanane kwa watatu. Hapo wakanitazama, na mimi nikanyamaza, kwa kuwa hakuna sheria iliyowakataza. Msichana hakubishana. Aliiweka kadi juu ya kizingiti cha dirisha, akatoka, akaketi kwenye ngazi. Mwingine akaiokota. Bahasha ikanifikia ikiwa na kadi tatu.

Tarishi alipanda ngazi ile ile dakika mbili baadaye, midomo ikimeta mafuta, barua ina alama ya ukwaju pembeni. Msichana ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisoma.

Ndani Kaskazi walikuwa wanashangilia. Nikafuta vizibo 15 vya Kusi ubaoni. Kisha nikatia mkono mfukoni, nikatoa vile vitano vya nyambizi ya Kusi, nikaviweka kimoja kimoja juu ya meza ya Kaskazi. Vilipofika vitatu kelele zilikuwa zimekwisha.

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza: je, niifute duru hiyo? Kapteni wa Kusi alinijia karibu analia. "Mwalimu, mtoto alikuwa ala viazi! Hii si haki!" Mwalimu mwenzangu naye aliona tuanze upya. Nilikataa, na uamuzi huo ningeurudia. Tarehe 25 Januari 1995 Norway ilirusha roketi ya utafiti kuchunguza mianga ya kaskazini. Ilikuwa imezitaarifu nchi jirani mapema, Urusi ikiwamo. Taarifa ile haikuwafikia waendesha rada wa Urusi. Wao waliona kitu kinachofanana na kombora la nyambizi ya Marekani, na mkoba wa nyuklia, ule wa kutolea amri ya kurusha, ukafunguliwa mbele ya Rais Yeltsin. Barua ilikuwepo, imeandikwa vizuri, ila ilikwama njiani. Sikuweza kubuni mfano bora kuliko ule ulionipanda ngazi ukinuka ukwaju, na kuufuta kungekuwa ujinga.

La pili: tarishi asiadhibiwe. Vijana walitaka kumfanya ndiye chanzo cha yote. Nikawauliza ni nani aliyepanga maisha ya watu 22 yamtegemee mtoto mwenye njaa. Jibu ni mimi, nao walilisema haraka kuliko nilivyopenda.

La tatu ndilo lililoniharibia. Tulipokusanyika baada ya swala ya Adhuhuri nilizungumza dakika arobaini. Mkataba wa kutoeneza silaha za nyuklia wa 1968 ulioanza kazi 1970, kifungu chake cha sita kinachowataka wenye silaha wajadiliane kuziacha, mkataba wa kuzipiga marufuku ulioanza Januari 2021 bila nchi hata moja yenye bomu kuutia saini. Yote kweli. Hakuna aliyesikiliza. Msichana alikuwa amerudi, ameketi nyuma kabisa, na mimi sikumuuliza neno.

La nne lilitoka kwa mzee jioni ile tukishuka. "Yule binti kesho mpe daftari," akaniambia. Nikaona ni la kumfariji tu. Baadaye ndipo nilipojua alikuwa na maana nyingine.

Siku ya pili

Walirudi 19. Nikagawa upya vizibo, safari hii vyote 40 mikononi mwao, 20 kwa 20, na kazi ikawa kinyume: pande zote zikubaliane kuvirudisha vyote. Wakaguzi wakuu walikuwa wawili, yule msichana na mzee.

Kaskazi walirudisha 20. Kusi wakaleta 16, wakasema vinne vilipotea kwenye pilikapilika za meza jana. Uongo wa mchana, kwa sababu jana ilikuwa jana na vizibo viligawiwa asubuhi hiyo. Vijana wakataka kupekuana mifuko papo hapo. Mzee akawazuia.

Alifanya kazi ya kuhesabu shehena Kilindini tangu enzi za magunia na nyavu, kabla makontena hayajatawala, na hapo ndipo alipokunjua utaalamu wake. Kila shehena huwa na makarani wawili, alieleza, mmoja wa meli na mmoja wa gati. Kila mmoja anaandika peke yake, bila kumtazama mwenzake. Daftari zikitofautiana kazi inasimama, hata kama nahodha anatukana. "Huhesabu unachoonyeshwa," akasema. "Wahesabu kilichopita mikononi mwa nani, saa ngapi."

Basi msichana akaandika: kopo la Kusi lilishikwa na nani tangu asubuhi. Orodha ilikuwa na mwanya wa dakika kumi. Akawauliza mmoja mmoja, majina mawili yakagongana. Kisha akatazama sakafu. Tulikuwa tumetandika mkeka, kila mtu amevua viatu mlangoni. Kijana mmoja tu alikuwa amevaa raba zake.

Vizibo vitatu vilitoka kwenye raba ya kushoto. Chumba kizima kilicheka, naye akacheka, ila alipoulizwa sababu hakutania. "Kama wao nao wameficha?"

Hapo nilipata nafasi ya kuwaeleza Afrika Kusini, na safari hii walisikiliza. Utawala wa makaburu uliunda mabomu sita, ukayavunja wenyewe kwa siri, nchi ikajiunga na mkataba wa kutoeneza mwaka 1991, na Machi 1993 Rais de Klerk akayatangaza bungeni. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hawakuonyeshwa bomu hata moja, maana hayakuwepo tena. Walichofanya ni kazi ya mzee wetu: kufukua daftari za kiwanda za miaka na miaka, urani kiasi gani iliingia, kiasi gani ilirutubishwa, kiasi gani kimebaki, mpaka hesabu zikakaribiana vya kutosha kuaminika.

Matokeo

Mzazi mmoja alinipigia simu usiku ule akidai tunawafundisha watoto kutengeneza mabomu. Nilimwalika aje, alituma mtoto wa pili badala yake. Klabu ya mdahalo inaendelea. Mada ya "nchi yenye bomu haipigwi" waliijadili muhula wa tatu, na wanaoiunga mkono walishinda kwa kura chache.

Kapteni wa Kaskazi hakuja siku ya pili. Alinitumia ujumbe wa sauti kwamba angerudia uamuzi uleule, kwa sababu alikuwa na wajibu kwa watu kumi na hakuwa na habari. Sijapata jibu la kumtosheleza.

Uchambuzi

Kutishana kulifanya kazi, na kuficha hilo kungekuwa kuwadanganya vijana. Karibu nusu saa hakuna aliyegusa kadi. Dunia nayo haijaona bomu la nyuklia likipigwa vitani tangu Nagasaki, 9 Agosti 1945. Ila kilichovunja amani ya jumba lile hakikuwa uchokozi. Ilikuwa meza, jua na viazi. Vijana waliingia wakiamini hatari ni adui mbaya. Kwenye mchezo hapakuwa na mbaya hata mmoja.

Mimi niliitilia kadi ya tatu imani kubwa mno. Mpango wangu wote ulikuwa kwamba mtu mmoja mwenye akili atasimama kati, na kweli alisimama. Stanislav Petrov, ofisa wa Kisovieti wa kuangalia mtambo wa kuonya makombora, usiku wa 26 Septemba 1983, mtambo ukimwambia makombora matano ya Marekani yanakuja, aliwaza kama msichana wetu: anayeanzisha vita haanzi na matano. Akaripoti kuwa mtambo umekosea, na ulikuwa umekosea. Lakini Arkhipov alikuwa mnadhimu mkuu, na Petrov ndiye aliyekuwa kwenye zamu. Neno lao lilikuwa na uzito. Binti wa kidato cha tatu mbele ya kaka zake hakuwa na chochote zaidi ya masikio yake, na sheria zangu hazikumpa kinga. Aliondolewa kwa kura halali. Nikumbushe pia kwamba Marekani kadi ya pili na ya tatu hazipo kabisa: amri ya kurusha ni ya rais peke yake.

Alama zangu zilikuwa aibu. Nilimlipa anayerusha, na anayekataa sikumlipa kitu, halafu nikashangaa watu wakishangilia.

Kuhusu Ukraine na Libya, siku ya kwanza nilijibu vibaya. Ningeweza kusema kwamba Libya haikuwahi kuwa na bomu, ilikuwa na mashine na michoro. Na kwamba vichwa vya Ukraine, takriban 1,900 vya masafa marefu, funguo zake zilikuwa Moscow. Ni kweli, ila hata nikisema hivyo hoja ya vijana haifi. Nchi inayoacha silaha inataka kujua atakayeilinda ni nani, na karatasi ya Budapest haikujibu swali hilo. Mwezeshaji anayejifanya ana jibu atachekwa, na atastahili.

Kilichofaulu kuliko vyote sikukipanga: daftari la mzee. Kabla yake kuondoa silaha kulionekana kwa vijana kama ombi la wema, na wema hawauamini. Alipoligeuza kuwa kazi ya ukarani walilielewa mara moja. Ndiyo maana mimi huhuzunishwa na mkataba wa New START kati ya Marekani na Urusi kuliko hotuba yoyote ya vitisho. Uliweka kikomo cha vichwa 1,550 vilivyo tayari kwa kila upande, lakini faida yake kubwa ilikuwa wakaguzi kutembeleana. Ukaguzi ulisimama 2020 kwa sababu ya korona, haukurudi tena, Urusi ikasimamisha ushiriki wake 2023, na mkataba wenyewe ukafikia mwisho wake tarehe 5 Februari 2026. Makarani wote wawili walishaondoka gatini muda mrefu kabla ya mwisho huo.

Jambo moja nililipoteza kizembe. Mzee alisimulia manowari za Marekani zilizokuwa zikitia nanga hapa miaka ya themanini. Watu waliuliza kama zimebeba nyuklia, na sera ya Marekani ilikuwa kutokubali wala kukana. Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika eneo lisilo na silaha za nyuklia tangu ulipoanza kazi 2009, unaiachia kila nchi iamue yenyewe kuhusu meli za kigeni zinazopita bandarini. Hili lilikuwa somo la Mombasa kwa Wamombasa, nami nikatazama saa nikasema tuendelee.

Hilo na la chakula. Kijana alitaja tembo na nyasi, methali ambayo imekwisha makali kwa kutumiwa, na nikampita. Mzee ndiye aliyeitia uhai: mchele wa Pakistan, ngano ya Urusi na Ukraine, vyote hushuka hapa hapa. Watafiti walikadiria mwaka 2022 kwamba vita vya nyuklia kati ya India na Pakistan peke yao, kwa moshi utakaofunika jua na mavuno yatakayoanguka, vingeweza kuua kwa njaa zaidi ya watu bilioni 2. Pilau ya Mji wa Kale imo ndani ya hesabu hiyo.

Desemba tuliurudia mchezo. Mwenye kadi sasa haondolewi kwa kura, na anayekataa huandika sababu yake mahali ambapo pande zote mbili zitaisoma. Matarishi ni wawili, na hupewa chai kwanza. Msichana alikataa kushika kadi. Alisema yeye ni karani.

Vizibo vya Agosti tulivihesabu mara tatu. Kati ya arobaini vilipatikana thelathini na tisa. Mzee kila tukikutana Makadara hunishika mkono, na kabla hata hatujaamkuana vizuri huuliza: "Na kile kimoja?"